Tulikuwa kwenye simu: Butembo inahitaji namba moja ya dharura

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana, wamotari na wanafunzi, hapa Butembo. Tunayaweka hapa juu ya wale ambao hawakuweza kufika, na juu ya wale waliofika lakini mvua ikawafukuza kabla ya mwisho.

Ndugu zetu, dada zetu, ba mama wa soko, wamotari, wanafunzi, na nyinyi wenzetu mashomeri wenye diploma kwenye sanduku: asante kwa kufika. Leo hatuzungumzi juu ya barabara, wala umeme, wala kodi. Leo tunazungumza juu ya simu. Mtu anapoanguka nyumbani saa sita ya usiku, unaita nani? Kabla hatujaendelea, kila mmoja atoe simu yake, atafute kama iko na namba ya kuita. Tunawapa dakika moja.

Sawa. Tumeona. Wengine muko na namba ya munganga mmoja munayemufahamu. Wengine muko na namba ya motari wa kartie. Wengine muko na namba ya mjomba mwenye gari. Hakuna hata mmoja hapa mwenye namba ya mji. Na sisi pia tulikuwa hivyo hivyo ule usiku tunaotaka kuwaeleza.

Dada ya mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane. Damu ikaanza kutoka usiku. Mwenzetu akatuita, tukakimbia pale nyumbani, tukawa watu watano na simu tano. Tuliita munganga tunayemujua: simu imezimwa. Tuliita kituo cha afya cha karibu: enfirmie akaitika, akasema ambulansi iko hospitali. Tuliita mtu wa hospitali: akasema ambulansi iko, lakini shofa amerudi kwake, na mafuta lazima familia inunue. Tuliita shofa: hana habari, anangoja mkubwa wake amuambie. Tuliita motari: anaogopa kutoka juu ya bariere. Wa pili pia. Wa tatu akakubali. Tukamweka yule dada katikati, mama yake nyuma, tukapanda kilima polepole gizani. Hospitali ya kwanza wakasema damu ya kumwongezea hakuna, tuendelee. Kwenye ya pili wakampokea.

Dada aliishi. Mtoto hakuishi. Munganga akatoka, akatuuliza bila hasira: mulikuwa wapi masaa yote haya? Tukamjibu ukweli: tulikuwa kwenye simu.

Hatutaji hospitali wala mtu. Tumefikiria sana kabla ya kusema hivyo. Yule enfirmie aliitika usiku, alisema ukweli. Yule shofa hakuwa na amri. Yule motari wa kwanza yuko na watoto. Kila mmoja tuliyemwita alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa sababu za kweli. Kile kilichokosekana ni mtu mmoja, mahali pamoja, mwenye kazi ya kujua ambulansi gani iko wapi, hospitali gani iko na damu na kitanda, na mwenye haki ya kusema: wewe nenda, sasa hivi. Ule usiku ile kazi tulifanya sisi, watu watano wenye wasiwasi, bila kujua chochote, na unite zikiisha.

Hiyo kazi iko na jina popote duniani ambapo inafanywa vizuri. Wafaransa wanaiita regulation. Sisi tuseme tu: kupokea mwito na kutuma msaada. Tumekaa wiki nyingi tunasoma juu ya hiyo kazi, maana mashomeri tuko na wakati, na tumeona kwamba hata nchi tajiri zilikosea, zikabadilisha. Tuchukue kwanza kile walichokosea.

Uingereza iko na namba ya dharura tangu 1937: ni 999, ilianzia London. Kwa miaka mingi huduma yao ya ambulansi ilipimwa kwa saa ya mkononi: kwa wagonjwa waliohesabiwa kuwa hatarini zaidi, asilimia 75 wafikiwe ndani ya dakika 8. Mtu anayeitika simu alikuwa na sekunde 60 tu kabla ya saa kuanza kumhesabia. Unaona shida? Sekunde 60 hazitoshi kujua nani anakufa kweli. Basi wakawa wanatuma kwanza, wanauliza baadaye. Wanatuma gari mbili, tatu kwa mtu mmoja, halafu wanarudisha mbili njiani. Wanatuma pikipiki au gari dogo lisiloweza kubeba mgonjwa, ili mradi mtu afike ndani ya dakika 8 na saa isimame. Kwenye karatasi, wamefaulu. Kwenye nyumba, mgonjwa anangoja bado gari la kumbeba.

Kuanzia 2015 wakajaribu namna nyingine, na 2017 wakaieneza Uingereza nzima. Anayeitika anaanza na maswali machache ya haraka: anapumua? ameamka? Kama jibu ni baya, gari linatoka mara moja, bila kungoja swali lingine. Kama mtu anapumua na anaongea, anayeitika anapewa mpaka sekunde 240 kuelewa shida vizuri kabla ya kuamua atume nini. Wagonjwa wakagawanywa katika vikundi 4. Wa kwanza, wale wanaokaribia kufa sasa hivi, wafikiwe kwa wastani wa dakika 7. Wa pili, sawa wale wenye dalili za moyo au kupooza, wastani wa dakika 18. Wa tatu na wa nne wanaweza kungoja masaa, na wanaambiwa hivyo. Na kwa mgonjwa anayehitaji kubebwa, saa inasimama pale gari lenye uwezo wa kumbeba linapofika.

Muone vizuri hilo jambo. Walimpa yule wa kwenye simu wakati zaidi wa kusikiliza, ili gari lifike kwa yule anayestahili. Sisi huku tuko na mazoea ya kufikiri kwamba haraka ni kupiga kelele na kukimbia. Ule usiku tulikimbia sana.

Lakini tusiwadanganye. Hata ile namna mpya haikutosha peke yake. Mwezi wa 12, 2022, wagonjwa wa kikundi cha pili huko Uingereza walingoja kwa wastani zaidi ya saa 1 na nusu, pahali pa dakika 18. Juu ya nini? Hospitali zilikuwa zimejaa, ambulansi zinapanga mstari mlangoni na wagonjwa ndani. Namba nzuri bila vitanda ni nusu ya kazi. Tutakapokwenda kwa meya, tusiende kuomba simu peke yake.

Sasa tuje kwenye hadithi inayotugusa sisi Wakongomani. Mwezi wa 12, 2017, huko Strasbourg, Ufaransa, binti wa miaka 22 kutoka familia yenye asili ya Kongo aliita msaada akiwa na maumivu makali ya tumbo. Diaspora nzima inajua jina lake. Sisi hatulitaji, tunaiachia familia heshima yake. Alisema kwa sauti dhaifu kwamba anakaribia kufa. Yule aliyeitika alimjibu kwa dharau kwamba hakika siku moja atakufa, kama kila mtu. Hakumpitisha kwa daktari. Alimwambia aite namba nyingine. Masaa yakapita kabla ya kubebwa, na alikufa siku ile ile hospitalini.

Sauti ya ile simu ilisikika duniani 2018, na familia haikunyamaza. Waziri wa afya wa wakati ule akaagiza uchunguzi. Tangu 2019 Ufaransa iliweka mafunzo ya karibu mwaka mzima na diploma maalum kwa wanaoitika simu za dharura. Zamani wengi walijifunzia kazini tu. Na mwezi wa 7, 2024, mahakama ya Strasbourg ilimhukumu yule aliyeitika kifungo cha miezi 12 cha kusamehewa kwa masharti, kwa kosa la kutomsaidia mtu aliye hatarini.

Juu ya nini tunaileta hapa? Wengine wetu tunafikiri kwamba tukiwa na namba, tumefika. Ufaransa ilikuwa na namba, ilikuwa na madaktari, ilikuwa na magari. Yule binti alikosa mtu wa kumsikiliza. Basi kwa upande wetu tunadai mambo matatu tangu siku ya kwanza: kila simu irekodiwe, anayeitika afundishwe, na familia iwe na haki ya kusikia ile sauti kama mtu wao amekufa. Familia ile ilipata haki kwa sababu sauti ilikuwepo. Sisi, ule usiku wetu, hatuna hata sekunde moja ya ushahidi.

Kuna mtu atasema: hayo ni mambo ya wazungu, huku Butembo haiwezekani. Ndugu, hapa hapa Butembo iliwezekana. Mumesahau?

Tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, serikali ilitangaza Ebola kwenye jimbo letu. Mpaka tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, ilipotangazwa kwamba imeisha, watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 wakafa. Katika ile miaka tuliona kitu ambacho hatujawahi kuona. Namba ya bure. Mtu anaitika. Anauliza maswali: homa tangu lini? anatoka damu? alikwenda mazishi wapi? Anaandika. Timu inatumwa kuhakikisha. Ambulansi inakuja mpaka kwenye njia ambapo hata teksi inakataa. Kuna orodha ya vitanda. Alerti zilikuwa zinapokelewa kwa maelfu, na kila moja ilipaswa kufuatwa. Wengine kati yetu tulifanya kazi pale, tukilipwa kwa siku. Tunajua meza zilikaaje, fomu zilijazwaje.

Na tunajua pia kile kilichoharibika. Mama anaita, mtoto ana surua: hiyo si Ebola, samahani. Mtu amegongwa na gari: hiyo si Ebola, samahani. Na hii wakati surua iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo nzima tangu 2019, wengi wao watoto, kupita Ebola. Watu wakajiuliza: hawa wanatupenda, ama wanaogopa ugonjwa utawafikia? Ile shaka, pamoja na siasa na silaha, ilizaa mabaya. Mwezi wa 2, 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa hapa mjini kwetu. Hatuna sababu yoyote ya kusamehe risasi ile. Lakini tunajifunza: namba inayochagua ugonjwa mmoja haipendwi na watu. Namba lazima iwe ya kila mgonjwa.

Ebola ikaisha, ile namba ikanyamaza, meza zikabebwa, magari yakaondoka. Sisi tulirudi kwenye ushomeri. Ule ujuzi ungali kwenye vichwa vyetu.

Na jirani je? Rwanda iko na SAMU yake, namba 912, tangu 2007. Tanzania iko na kitu ambacho kinatufaa zaidi, maana kilitengenezwa kwa barabara sawa zetu na kwa mifuko sawa yetu. Kinaitwa m-mama. Kilianza kwenye wilaya ya Sengerema na mkoa wa Shinyanga, na 2022 serikali ikazindua kukieneza nchi nzima. Mama mwenye mimba, ama aliyejifungua, ama mwenye mtoto mchanga, anaita 115 bure. Anayeitika anauliza maswali, programu inamuonyesha hatari na kituo cha kumpeleka. Kama ambulansi iko karibu, inatumwa. Kama haiko, wanamwita dereva wa kijiji, mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyeandikishwa mbele. Anambeba mgonjwa mpaka kituo, kituo kinahakikisha amefika, na dereva analipwa kupitia pesa ya simu. Familia haitafuti mafuta usiku.

Yule anayeitika kule Tanzania anauliza maswali kwa Kiswahili. Sisi huku hatutahitaji mtafsiri ili kwenda kujifunza. Bidhaa za Dar es Salaam zinafika soko letu kila wiki. Ujuzi hauna ushuru kwenye mpaka.

Sasa tuseme kile tunachodai. Tumekiandika, tutakipeleka kwa meya, kwa wanganga wakuu wa zone za afya za Butembo na Katwa, na kwa Division ya afya ya jimbo.

Kwanza, namba moja fupi, ya bure, kwenye mitandao yote. Namba zinagawanywa na ARPTC, basi mji uandike barua, na sisi tutafuata ile barua kutoka meza mpaka meza.

Pili, chumba kimoja cha kupokea miito, usiku na mchana, chenye enfirmie mmoja anayeongoza zamu, na watu wanaoongea Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Mama mzee wa kilimani akiogopa, anaogopa kwa Kinande.

Tatu, maswali yawe yale yale kwa kila mtu, mtoto wa tajiri na mtoto wa muuza makala. Anapumua? Ameamka? Anatoka damu nyingi? Na wakati gari liko njiani, anayeitika abaki kwenye simu afundishe: mlaze upande, bana kidonda kwa kitambaa safi usiondoe mkono. Huko Marekani, kwenye wilaya ya King County, wanafundisha watu kusukuma kifua kwa simu tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Simu inaweza kuanza kumsaidia mgonjwa kabla ya gari kufika.

Ine, kila asubuhi na kila jioni hospitali ziseme: vitanda vingapi, damu gani iko, ambulansi gani inatembea na mafuta kiasi gani. Ujumbe mmoja wa simu unatosha. Kwa hilo peke yake, ule usiku tusingepoteza njia kwenye hospitali ya kwanza.

Tano, wamotari waandikishwe. Wapewe jile yenye namba, mafunzo ya kubeba mgonjwa, na malipo kwa pesa ya simu baada ya kufika. Na tangu état de siège ianze mwezi wa 5, 2021, tunajua wote usiku ukoje. Basi kila safari iwe na kodi, na askari wa bariere aweze kuita ile namba moja kuhakikisha: ndiyo, huyu tumemtuma. Bila hiyo, tunamwomba motari achague kati ya mgonjwa na maisha yake.

Sita, nyumba zetu hazina adrese, lakini tuko na machef wa avenue na wa nyumba kumi. Namba zao ziwe kwenye kile chumba. Chef atasimama njiani na tochi.

Watatuambia pesa haiko. Katiba yetu, kifungo cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Haikuandika: kama pesa iko. Lakini hata hivyo hatudai magari mapya 50. Tunaomba yale machache yaliyopo yajulikane yako wapi. Watatuambia watoto watacheza na namba. Ndiyo, watacheza, popote watu wanacheza. Ndiyo sababu ya kuwa na mtu aliyefundishwa.

Na sisi wenyewe? Tusingoje tukiwa tumekunja mikono. Kuanzia wiki hii, kila kikundi cha kartie kiandike orodha: ambulansi zilizo karibu, enfirmie wanaokubali kuitwa usiku, wamotari wanaokubali, nani yuko na damu ya kundi gani na anakubali kutoa. Tuibandike kwenye kanisa, musikiti, duka la unite, mlango wa shule. Haitakuwa namba ya mji, na tusijidanganye kwamba itatosha. Tutakapoipeleka kwa meya tutamwambia: hii ni kazi yako, tulianza kuifanya juu wewe ulichelewa. Na tuandike kila usiku unaoharibika: saa gani tuliita, nani aliitika, saa gani tulifika. Bila majina ya wagonjwa. Meya anaweza kubishana na hasira yetu. Na masaa yaliyoandikwa, tuone atabishana namna gani.

Tunaenda kwa amani, bila jiwe, bila kuchoma tairi, kama kawaida yetu. Wenzetu walioitika simu za Ebola, mujiandikishe leo kabla ya kurudi nyumbani, meza iko pale karibu ya mlango. Wamotari, mutuambie kwa ukweli munachoogopa, tukiandike.

Yule dada alitutuma tuwasalimu. Anaishi, anauza nyanya zake. Alituambia atakuja siku ya kupeleka barua, na atatembea mbele.